Jiwe la Mama Zuberi

Kabula mama,

Umetoka kwenda kumuaga Mama Zuberi, na mimi nakujua wewe na yeye, mkianza stori hamna habari na saa. Baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa kamba, ingawa zipu haina ugonjwa wowote. Mimi nimekaa chumbani kwako, juu ya lile jiwe la kwenye kona, na daftari lako la hesabu la kidato cha pili. Kurasa nyingi ni nyeupe. Nilijua tu.

Sitakuandikia habari za kula, za kufua, wala za kuchagua marafiki. Hayo nimekupigia kelele miaka yote, na kama hayajaingia, hayataingia leo. Naandika kwa sababu kesho alfajiri unapanda basi la kwenda Songea, chuo cha uuguzi, na tangu Jumapili hujaniongelesha vizuri. Unanijibu "ndiyo mama", "sawa mama", kama mtu aliyekamatwa anamjibu polisi. Sitaki uondoke na uso huo.

Najua ni kwa sababu ya chumba. Jumapili yule binti mwalimu alipokuja kukiangalia, nguo zako zilikuwa bado zinaning'inia kwenye msumari. Akaangalia dari, akaangalia dirisha, halafu akaliona jiwe. "Na hili?" akauliza. Baba yako akamjibu, "Hiyo ni meza, dada. Ukitaka ni kiti. Inategemea na siku." Yule binti akacheka, akasema amekipenda chumba. Wewe hukucheka. Alipotoka tu ukaniambia, "Kwa hiyo mama mmeshanichoka. Hata begi sijafunga, mmeshanipangishia." Nikakujibu kwamba chumba si chako, ni cha nyumba. Lilikuwa jibu la kijinga, na nilijua hivyo likiwa bado mdomoni.

Jibu lenyewe lina mzunguko kidogo. Inabidi turudi mwaka ule wa corona, maana chumba hiki kilizaliwa mwaka ule, na sababu niliyowaambia watu haikuwa ya kweli.

Ulikuwa darasa la saba. Shule zikafungwa ghafla, ukarudi na madaftari yako yote kichwani. Haikupita muda, kiwandani kwetu wakatuambia ndege hazichukui tena minofu ya sangara, tukae nyumbani tutaitwa. Na ziwa nalo likaamua kupanda mwaka huohuo. Banda la baba yako pale ufukweni, anapotengenezea injini za mitumbwi, likaingiwa na maji mpaka juu ya meza ya kazi. Akavipandisha vyuma vyake huku mlimani kimoja kimoja, akavipanga sebuleni, nyumba nzima ikanuka petroli. Tukajikuta watu watatu ndani kutwa nzima, watu tuliozoea kuonana jioni na Jumapili. Hapo ndipo nilipogundua kuwa baba yako anapiga mluzi. Miaka yote ya ndoa sikujua. Wimbo mmoja, kutwa, tena mwisho wake haujui.

Wewe unakumbuka ndoo yenye bomba pale mlangoni, unakumbuka tulivyokuwa tunajifukiza chini ya blanketi na majani ya mwarobaini, baba yako akilalamika kwamba anapikwa. Unasimulia mpaka leo na unacheka. Mimi kicheko sikuwa nacho. Nilikuwa naogopa, Kabula. Hukujua kwa sababu nilikuwa mkali, na mtoto huwa anadhani mama mkali haogopi kitu. Wewe ulikuwa na kifua. Baridi ikipiga kidogo tu, unaanza kupumua kwa filimbi. Kila redio iliposema ugonjwa huu unakaa kwenye mapafu, mimi nilikuwa nakuangalia wewe kifuani.

Sasa, uani kwetu kulikuwa na jiwe. Unalikumbuka, lakini sijui kama unalikumbuka lilivyokuwa kubwa. Lilikuwa kama lori limelala, juu bapa, jua likilipiga mchana linabaki na joto mpaka giza linaingia. Huku Igogo mlimani kila nyumba ina jiwe lake, ila letu lilikuwa kama baraza la mtaa. Asubuhi Mama Zuberi anaanika dagaa wake hapo. Mchana watoto wanalitelezea. Jioni yeye mwenyewe anakuja, anakaa, anakuweka katikati ya magoti yake anakusuka, na mimi nachambua mchele pembeni, tunawasema watu.

Mama Zuberi si jirani wa kawaida kwangu, na hilo unalijua nusu. Ulipozaliwa, mama yangu alikuwa Ukerewe anaumwa, hakuweza kuvuka. Aliyekuogesha, aliyenikanda tumbo kwa maji ya moto nikipiga kelele, ni huyo. Ila mwaka ule alikuwa anauza vitumbua Mkuyuni sokoni. Kila alfajiri anashika mikono ya soko zima, halafu jioni anakuja kukushika wewe kichwa.

Mtu aliyekuogeshea mtoto, unamwambiaje asije kwako?

Mimi nilishindwa. Nikaweka ndoo na sabuni karibu na jiwe. Akanawa, akanisifu kwa usafi, akakaa. Nikaanza kumsalimia kwa mguu kama watu walivyokuwa wanafanya. Akanisalimia kwa mguu, tukacheka, akakaa. Nikasema unaumwa kichwa, umelala. Akasema basi atasubiri uamke. Ndugu yangu, nilihangaika! Na neno lenyewe lilikuwa fupi: Mama Zuberi, naogopa, tukae mbalimbali kwanza. Neno hilo halikutoka. Kwetu mgeni hafukuzwi, na huyu hata mgeni hakuwa.

Basi siku moja nikamwambia baba yako, "Hili jiwe tulitoe. Tujenge chumba cha Kabula, amekua, hawezi kulala sebuleni na mainjini." Sikumwambia sababu nyingine. Yeye alikuwa amekaa bila kazi mpaka anaanza kutengeneza vitu vizima. Macho yakamwaka.

Alitaka kulichoma kwa matairi ili lipasuke, kama wanavyofanya wengine, nikakataa kwa ajili ya kifua chako. Tukatumia kuni na magogo. Unavyomjua, akaweka kuni za sherehe nzima. Moshi ukapanda, ukakaa juu ya mlima, na kila nyumba watu wakaanza kukohoa, mwaka ambao mtu akikohoa wenzake wanahama. Mwenyekiti wa mtaa akaja mbio, barakoa iko kidevuni, anauliza, "Nani anakohoa hapa?" Akauliza huku anakohoa. Baba yako akamwambia, "Mheshimiwa, tuanze na wewe."

Katikati ya kicheko hicho nikakutafuta, sikukuona. Nilikuwa nimekuambia ukae ndani, madirisha yamefungwa, lakini moshi ulikufuata humo humo. Nikashuka njia nzima naita. Nilikukuta kwa Mama Zuberi, chumba cha nyuma, upepo wa ziwa unapoingilia. Alikuwa amekukalisha wima, mgongo wako kifuani kwake, khanga yenye maji imefunika dirisha, anakwambia, "Taratibu, mama. Moja ndani, moja nje. Hatuna haraka." Pembeni kikombe cha tangawizi. Filimbi ilikuwa inasikika toka mlangoni. Aliponiona hakuinuka. Akasema tu, "Anaendelea vizuri. Mwache kwanza."

Nilikuwa nachoma jiwe ili mwanamke yule asikushike, na yeye ndiye alikuwa amekushika unapumua. Nikasema ahsante. Nilipaswa kusema mengine, nikasema ahsante, nikarudi kumwaga maji.

Jiwe lilipasuka jioni ile. Baba yako alimwaga ndoo moja baada ya nyingine, likalia mlio uliofanya mbwa wote wabweke. Kesho yake asubuhi Mama Zuberi akaja na beseni la dagaa, akakuta nyufa na majivu. Akasimama. "Mnajenga?" akaniuliza. Nikamwambia tunajenga, chumba cha mtoto, amekua. Akaniangalia usoni muda kidogo. "Hongereni," akasema, akainua beseni lake akarudi nalo.

Ujenzi wenyewe, sitakudanganya, tuliufurahia. Hapo wewe na mimi tunakubaliana. Wewe uligonga kokoto na nyundo yako ndogo, khanga yangu imekuzunguka pua, ukawa unaimba tebo ya kuzidisha ya saba na ya nane kwa kufuata nyundo. Ndiyo maana ya saba na ya nane ndizo pekee unazozijua. Mimi nilibeba mchanga kichwani mpaka nikapunguza mwili. Baba yako, ambaye injini anaipima kwa unene wa karatasi, ukuta alipima kwa jicho. Ukuta umeegemea upande wa ziwa mpaka leo, na ukimwambia anasema ni wewe umesimama vibaya. Kile kipande cha mwisho kilipogoma, kikachomwa, kikamwagiwa maji, kikapigwa na mtalimbo mpaka mtalimbo ukapinda, yeye akafuta jasho akasema, "Limekataa. Tulizungushie ukuta." Hivyo ndivyo jiwe lilivyoingia chumbani.

Shule zikafunguliwa. Kiwandani wakatuita. Maji yakashuka, baba yako akarudisha vyuma vyake na mluzi wake ufukweni. Kila kitu kikarudi mahali pake isipokuwa Mama Zuberi. Hakutununia. Ingekuwa nafuu. Tukikutana njiani: "Habari za asubuhi, mama Kabula?" "Nzuri, mama Zuberi." Basi. Wewe uliendelea kwenda kwake kama kawaida, na mimi nilikuwa nakuruhusu haraka haraka, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.

Uzito wa jambo hilo niliujua mwaka uliofuata. Jumamosi moja tuliona viti vya plastiki vinapita mlangoni kwetu, vijana wamevibeba kichwani, na nyuma yao turubai. Baba yako akauliza vinaenda wapi. Wakasema kwa Mama Zuberi, amefiwa na mama yake tangu usiku. Tangu usiku, Kabula, na nyumba zetu zinasikiana mpaka mtu akipiga chafya! Wa mtaa wa chini walijua kabla yetu.

Nikavaa haraka nikaenda na sukari. Nikapokelewa vizuri sana. "Karibu, mama Kabula, pole na njia." Njia gani, na mimi natoka hapo hapo ukutani? Wakaniletea kiti. Wewe ni mtu wa huku, unajua maana yake. Kwenye msiba wa jirani yako hukalishwi kwenye kiti. Unafika unapewa kisu na vitunguu, unaelekezwa jikoni, unachota maji, unagombana na wenzako kuhusu chumvi. Kiti ni cha mgeni. Nilikaa kwenye kiti kile nikiwaangalia wanawake wa mtaa wa tatu wanakuna nazi kwenye jiko ninalolijua kuliko wao, na nikalia kuliko wafiwa. Watu wakadhani nilimpenda sana marehemu.

Na bado sikusema. Miaka ikapita. Nilijiambia mambo ya zamani hayafukuliwi.

Aliyenisukuma ni wewe, ingawa hukujua. Matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka, baba yako alikuuliza kwa nini uuguzi, si ufundi kama yeye. Ukasema, "Kwa sababu ya siku ile ya moshi. Nilidhani nakufa, na Mama Zuberi alikuwa ananiambia hatuna haraka. Nataka kuwa mtu anayesema hivyo." Nilikuwa naosha vyombo, nikaendelea kuosha kikombe kilekile.

Kesho yake nilishuka kwake. Sikubeba sukari wala chochote. Nilimkuta anachagua dagaa, nikakaa chini, nikasema kabla hata salamu haijaisha: "Mama Zuberi, lile jiwe sikulivunja kwa ajili ya chumba. Nililivunja ili usije. Niliogopa utamletea mtoto ugonjwa, nikashindwa kukwambia."

Akaendelea kuchagua dagaa. Halafu akasema, "Nilijua."

Nikaomba radhi. Akaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mama Kabula," akasema, "hata mimi nilikuwa naogopa! Wewe ulikuwa umetoka kiwandani juzi tu, watu mia wanapumuliana. Nilikuwa nakuja kwa sababu niliona nisipokuja utasema Mama Zuberi amenitenga. Kila jioni natoka hapa moyo unanidunda. Ungesema neno moja tu, ningekushukuru."

Hebu fikiria. Wanawake wawili wazima tulikaa juu ya jiwe moja kila jioni, kila mmoja anamwogopa mwenzake, kila mmoja anakaa kwa adabu. Tukachoma jiwe la watu. "Mficha uchi hazai," akaniambia, "na wewe ungekufa tasa." Ndipo akanisukumia ungo, nichague dagaa naye. Nilifurahi kupewa ule ungo kuliko siku niliyopandishwa cheo kiwandani.

Ugonjwa huu wa kuzunguka maneno sikuuokota Igogo. Siku naondoka Ukerewe kuja Mwanza kutafuta kazi, baba yangu alinisindikiza mpaka Nansio kwenye meli. Njia nzima aliongea habari za muhogo. Muhogo wa shambani umeliwa na ngiri, mwambie shangazi yako wa Mwanza, muhogo mwaka huu ni mchungu. Meli ikapiga honi, akanipa karanga kwenye karatasi, akasema, "Usisahau kumwambia kuhusu muhogo." Nilipanda nikiwa na hasira, nikasema mzee huyu ana uchungu na muhogo kuliko na mimi. Nilichelewa sana kurudi kumwona. Alifariki kabla sijamuuliza kama siku ile alikuwa na neno lingine. Leo nadhani alikuwa nalo. Lakini nadhani tu, Kabula, sijui, na sitajua.

Sasa chumba.

Hatukipangishi kwa sababu tumekuchoka. Wala hatuna shida iliyotulazimisha. Ulipoenda kwa shangazi yako likizo ile, asubuhi ya kwanza nilipita hapa mlangoni nikagonga, nikaita, "Kabula, maji!" Nikasimama nasubiri uitike kwa ile sauti yako ya usingizi. Nilikuwa najua hupo. Niligonga tena. Baba yako akanikuta hapo, akachukua ndoo akaenda kuchota mwenyewe. Ile ilikuwa likizo tu. Nikawaza, akienda Songea itakuwaje? Ndipo nikaanza kuwatangazia watu kiwandani kwamba nina chumba. Nilitaka nikigonga asubuhi mtu aitike, yeyote yule. Kwa watu nikasema chumba kisikae bure. Nimechoma jiwe tena.

Yule mwalimu anataka kuingia mwisho wa mwezi. Ukisema aingie, ataingia, na ukija likizo utalala na mimi, baba yako atahamia sebuleni na mluzi wake. Ukisema asiingie, nitakwenda mwenyewe nimwambie kwa mdomo wangu nimebadili mawazo. Nimeanza kujifunza.

Nilitaka barua hii niitumbukize kwenye begi, chini ya mashuka, uikute ukiwa Songea. Nimefika hapa nikajishtukia. Nakusimulia hasara ya kutosema, halafu nakuandikia karatasi ili nisikuone uso! Hapana. Baba yangu angalau alikuwa na karanga.

Nasikia kicheko chenu njiani. Mama Zuberi amekusindikiza, na sasa mtasimama hapo mlangoni kuagana upya. Tangu tupatane anakuja, lakini hukaa barazani. Humu ndani hajawahi kuingia, na mimi sijawahi kumkaribisha. Leo nitawaita wote wawili. Yeye akae juu ya jiwe lake, wewe ukae katikati ya magoti yake kama zamani, hata kama miguu yako itafika mlangoni. Mimi nitasimama na daftari hili nisome mpaka hapa. Sauti ikikwama, msinisaidie.

Kabula, sitaki uondoke.

Nenda, mwanangu.